Siku Niliyouita Mto Ukaja

Bisha. Naona umeshaanza kucheka na bado sijasema lolote. Bisha tu, nimezoea. Pale kazini kwangu Free Area, hapa Nakuru, kila mtu hunibishia, mpaka wateja waliokuja kuulizia geti na hata jina langu hawalijui. Lakini nitasema vilevile: nilipokuwa mtoto, jino la mbele limetoka na lingine halijaota, niliuita mto na mto ukaja. Sikuota na sikusimuliwa na mtu. Ulikuja mchana, jua likiwaka, ukiwa na mti mzima mdomoni kama mbwa aliyeiba mfupa.

Kabla hujaenda zako, wacha ujue unabishana na nani. Mimi ni Kiprop. Kwetu jina hilo hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha, na mama husema siku yangu mvua ilipiga mabati mpaka mkunga akawa anamfokea kama mtu aliye shamba la pili. Shule na mimi tuliachana darasa la saba, kwa amani, hakuna aliyemlilia mwenzake. Leo nachomelea mageti. Ukipita Lanet kwenye zile nyumba mpya uone geti lenye simba wawili wanaotazamana, usiulize fundi ni nani. Simba mmoja ana makengeza kidogo, lakini mwenye nyumba hajagundua na wewe usimwambie.

Sasa, kila likizo ya Aprili mama alikuwa ananitoa Free Area na kunipeleka kwa Gogo, yaani nyanya yangu mzaa mama, chini kidogo ya Olenguruone. Nadhani alitaka kupumzika. Mimi nilikuwa mtoto wa maneno mengi, na nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja.

Kule juu Aprili ilikuwa kitu kingine. Kwetu mjini mvua ikinyesha ni matope na mtaro uliofurika, watu wanaruka mawe wakishika suruali. Kwa Gogo mvua ilikuwa kama mgeni mwenye tabia zake. Asubuhi ukungu, huoni hata choo. Halafu jua kidogo la kuanika nguo. Ukimaliza tu chakula cha mchana unasikia msitu wa Mau ukinguruma huko juu, na ukikawia kutoa nguo kambani, shauri yako.

Na chini ya shamba kulikuwa na mto. Mwezi wa Januari ulikuwa mto wa kuonea huruma, hata mimi niliweza kuuruka nikikimbia vizuri. Ikifika Aprili unanenepa na kupata sauti. Ukilala unausikia, ukienda kuchuma mboga unausikia. Ng'ambo kulikuwa na mteremko wenye majani chai, na juu ya mteremko barabara ambapo gari la kukusanya maziwa lilisimama kila asubuhi. Kwa hivyo Gogo alikuwa akiamka kungali giza, anamkamua Rosi, ng'ombe wake wa pekee, anafunga mkebe wa maziwa mgongoni kwa leso, anateremka mtoni na kuvuka kwa daraja la miti. Nasema daraja kwa heshima tu. Ilikuwa mikaratusi miwili iliyolazwa, na mbao zimepigiliwa juu, nyingine zimeng'oka.

Kila alipotaka kuvuka msimu wa mvua, Gogo aliinama kwanza akang'oa nyasi mbichi, akazitemea mate kidogo kama mtu anayembariki mtoto, akazitupa majini. Halafu ndiyo anakanyaga. Jumapili alikuwa kwenye kwaya ya akina mama, mstari wa mbele, na akiomba anaomba mpaka chai inapoa. Siku moja nilimuuliza mbona anaupa mto nyasi na yeye ameokoka.

"Kwani nikikusalimia wewe asubuhi," akasema, "inamaanisha nimekuabudu?"

 

Lakini kulikuwa na sheria nyingine, na hii ilikuwa yangu peke yangu. Siku niliyofika likizo hiyo, bado nimebeba mfuko, Gogo alisimama mlangoni akanitazama mdomo.

"Weri," akasema, ambayo kwetu ni kijana, "umekuja na ule mluzi wako wa stendi?"

"Ndiyo, Gogo. Nikuonyeshe?"

"Uuache hapo nje pamoja na viatu."

Mluzi ule nilifunzwa na makanga wa Free Area, wa vidole viwili, ule wa kusimamisha gari lililoshaondoka. Gogo hakuuchukia nyumbani sana. Aliuogopa mtoni. Alinikalisha jikoni kando ya moto akanieleza taratibu, maana alijua mimi kitu kikielezwa haraka nakifanya haraka pia.

"Mtu mwingine akipiga mluzi mtoni ni kelele tu. Lakini wewe maji yanakujua, mlikuja siku moja. Ukipiga yatasema, huyo ni wetu, anatuita."

"Yakija nitayaambia yarudi."

"Kwa mdomo gani? Huo usio na jino?"

Aliyecheka kwa nguvu kuliko wote ni Chebet. Huyu ni binti wa mjomba wangu, aliyekuwa akiishi na Gogo. Alinizidi miaka kidogo na vitu vingi: alijua kukamua, kuwasha kuni mbichi, na kutukana bila kutumia neno hata moja baya. Tulipendana sana, kwa hivyo tulisumbuana kutwa.

Niliishika sheria ya Gogo. Usishangae, nilikuwa mtoto mtiifu, hayo mengine yalikuja baadaye. Siku zikapita nikiwa nateremka mtoni nimefunga mdomo kama mtu anayebeba maji. Lakini nyumbani nilikuwa nimejisifu sana. Nilimwambia Chebet kwamba nikipiga mluzi Free Area, magari ya Lanet yanasimama. Kwamba askari wa kambi ya huko Lanet huuliza ni nani huyo. Sasa ukishamwambia mtu mambo kama hayo, halafu asikusikie hata mara moja ukipiga, atafikiria nini?

Siku yenyewe ilikuwa nzuri. Kwetu haikuwa imenyesha tangu jana yake, mbingu safi, jua limetoka mapema. Gogo alikuwa amevuka na maziwa kama kawaida, lakini gari lilichelewa kwa sababu ya matope, kwa hivyo naye akachelewa kurudi. Mimi na Chebet tulitumwa kando ya mto tukamkatie Rosi nepia, majani yake ya kula. Tukiwa hapo tukamwona Gogo anateremka kule ng'ambo kati ya majani chai, mkebe mtupu mkononi, kitambaa chake cha buluu kichwani. Ungekiona kile kitambaa hata kutoka barabarani.

Chebet akasimamisha panga.

"Na huo mluzi wako mbona hatuusikii? Ama ulibaki Free Area ukilinda nyumba?"

"Gogo amekataza."

"Ati amekataza. Sema tu hujui, hakuna atakayekucheka."

"Najua."

"Jino lilitoka, mluzi ukatoka nalo. Ni kawaida, pole."

Hiyo "pole" ndiyo ilinimaliza. Matusi ningevumilia. Nikafuta vidole kwenye kaptura, nikaviingiza mdomoni, nikapiga. Na wacha nikwambie kitu cha kitaalamu: pengo halipunguzi mluzi, linauongeza. Ulitoka mwembamba na mkali, ukavuka mto, ukapanda mteremko, ndege wakatoka kwenye majani chai.

Gogo alikuwa ameshafika. Alikuwa ameshang'oa nyasi zake, ameshazitupa, mguu mmoja uko tayari juu ya mti. Akausikia. Akaurudisha ule mguu nyuma. Halafu akaweka mkebe chini, na hapo nikajua nimekwisha, maana mwanamke wa kwetu akitua mzigo ili akuongeleshe, anataka mikono yote miwili iwe huru.

"Kiprop! Nilikwambia nini? Ni mdomo wangu ulisema ama ni wa jirani?"

Akaendelea. Alinipeleka kwa maneno mpaka stendi na kunirudisha. Alimtaja mama yangu, akayataja meno yangu, yaliyoko na yasiyokuwepo. Alisema akivuka atanitafuta, na nianze kukimbia sasa hivi ili nisije nikalalamika kwamba sikupewa nafasi. Mimi nimesimama nimeinamisha kichwa, Chebet nyuma yangu kwenye nepia anakufa kwa kicheko.

Halafu Chebet akaacha kucheka.

Nilisikia kama lori linateremka bila breki. Nikatazama barabarani, hakuna lori. Nikasikia harufu ya udongo, ile ya kaburi linapochimbwa. Ndipo maji yakatokea pale kwenye kona ya mto. Watu husema mto unajaa. Huu haukujaa, ulikuja, umesimama wima kama ukuta, wa rangi ya chai ya maziwa, na mbele yake mkaratusi mzima na mizizi yake. Mti mmoja wa daraja uliinuka ukageuka kidogo, kama mtu anayejigeuza kitandani, na yote miwili ikaondoka pamoja. Chebet alinishika ukosi akanivuta juu. Nepia zote tulizokata zilikwenda.

Tulipogeuka kutazama ng'ambo, Gogo hakuwepo. Mkebe hakuna. Pale aliposimama palikuwa maji.

Na kitambaa cha buluu kikapita katikati ya mto.

Nilikuwa mdogo, lakini hesabu hiyo niliifanya haraka kuliko zote nilizowahi kufanya shuleni. Nimeuita mto. Mto umekuja. Umemkuta Gogo. Sikulia. Nilikaa chini kwenye matope nikashika kichwa na nikakumbuka nilivyosema nitayaambia maji yarudi, na mdomo ulikuwa umekauka kabisa, haungeweza kupuliza hata mshumaa.

Chebet ndiye aliyemwona. "Pale! Pale juu!" Gogo alikuwa amekaa kwenye mteremko, ameshika shina la chai kwa mikono yote miwili, gauni limelowa mpaka kiunoni. Kichwa kilikuwa wazi. Sikuwa nimewahi kuona nywele zake. Zilikuwa fupi na nyeupe kabisa, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba alikuwa mzee, mzee kweli, na mdogo wa mwili. Alipaza sauti lakini mto ulikuwa umeifunika. Akainua mkono akatuonyesha nyumbani. Pandeni. Hatukuondoka. Akaonyesha tena, akainama akaokota bonge la udongo kama anayetaka kututupia, na bonge halingefika hata nusu ya mto. Hilo tulilielewa. Tukapanda.

Daraja la kweli lilikuwa mbali sana, kule chini barabara inapokata mto, na njia ya kufika huko ilikuwa matope matupu. Siku hiyo Gogo hakurudi. Jirani alikuja kulala nasi, mama mmoja mpole aliyesali sana. Sikulala vizuri. Nilikuwa nausikia mto, na nilijua unachosema: unaniuliza kama kuna kingine ninachotaka.

Asubuhi Chebet alimkamua Rosi. Rosi alikuwa amezoea mkono wa Gogo, akapiga teke ndoo mara mbili, na kilichopatikana kilikuwa kidogo, kama sufuria moja ndogo. Chebet alipoingia kuwasha moto nikaichukua ile sufuria. Nikang'oa nyasi. Nikateremka mpaka pale maji yalipofikia, nikazitemea nyasi mate, nikazitupa, nikamwaga maziwa yote juu yake.

"Samahani," nikauambia mto. "Sikuwa nakuita. Nilikuwa namringia Chebet tu. Rudi kwenu."

Nilipogeuka, Chebet amesimama nyuma yangu.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Mto umekunywa maziwa. Sisi tunakunywa strungi."

Chai ya rangi bila maziwa, kwa Gogo, ilikuwa aibu, chai ya watu walioibiwa ng'ombe. Lakini hakuniambia kitu kingine, na hakumwambia jirani. Na kufikia saa sita mchana maji yalikuwa yameteremka, mawe yanaonekana. Haya, bisha sasa.

Gogo alirudi jioni hiyo amebebwa kwa pikipiki, amefungwa kitambaa cha kuazimwa, chekundu, kisichomfaa hata kidogo. Nilijificha nyuma ya Rosi. Nikasikia anasalimiana na jirani, anashukuru, anaingia jikoni, anauliza chai. Nikasikia anauliza maziwa yako wapi. Nikasikia Chebet akisema yote, mluzi, maziwa, samahani yangu, yote, msaliti yule.

"Weri," Gogo akaita. "Toka huko kwa ng'ombe."

Nikatoka. Nikasimama mbali kiasi cha fimbo kutonifikia. Akakipiga kiti cha miguu mitatu kwa mkono, nikakaa.

"Gogo, ni mimi niliuita?"

Akanywa ile chai, akakunja uso.

"Ulipopiga, ulikuwa unamwita nani?"

"Sikuita mtu. Nilipiga tu."

"Basi tulisikia wawili, mimi na mto," akasema. "Mimi niliitika kwanza. Ungechelewa kidogo kupiga, mto ungenikuta katikati ya daraja."

Hakunipiga. Alinishika kidevu, akanifungua mdomo kama mtu anayenunua mbuzi, akatazama lile pengo kwa muda mrefu. Halafu akasema nisirudie tena maishani mwangu, na nikamletee kuni.

Chebet siku hizi ni mwalimu, anafundisha hapa Nakuru, na kila mvua ndefu zikianza lazima tuanze tena kubishana. Anasema mvua ilinyesha usiku kucha huko msituni juu, sisi tukiwa chini hatukuiona, miti imekatwa, hakuna cha kuyashika maji. "Hayo maji yalikuwa yameshafika nusu ya safari, Kiprop, na wewe bado unafuta vidole." Mimi si mjinga, najua hivyo pia. Ninamuuliza jambo moja tu: ni nani aliyemfanya Gogo arudishe mguu? Anasema, "Mimi. Kwani nani alikuchokoza?" Na tunagombana vizuri kabisa juu ya nani alimwokoa mpaka chai inapoa.

Vijana wangu wa karakana wanaijua hadithi hii. Huwa namalizia na Gogo kwenye pikipiki na kile kitambaa chekundu, na wanacheka. Mmoja lazima aseme, "Boss, tupigie basi tuone." Nami nawaambia hapana, ni Aprili, mnataka nizamishe Nakuru nzima? Hata wao nimewakataza kupiga mluzi kazini mvua ikikaribia. Wanafikiri ni madaha.

Kuna kipande huwa nakiacha. Sijui kwa nini nakwambia wewe, na wewe ndiye uliyeanza kucheka.

Gogo alifariki Aprili, mwaka jana, kitandani kwake, kwa uzee. Siku hizi pale mtoni kuna daraja la saruji, na vyuma vya pembeni nilichomelea mimi, havina makengeza. Alilitumia miaka michache. Bado aling'oa nyasi, akazipitisha katikati ya vyuma vyangu. Siku tuliyomzika, watu walipokuwa wanakula, niliteremka na viatu vyangu vya mazishi. Mto ulikuwa wa kadiri tu. Nikang'oa nyasi, nikazitemea mate, nikazitupa. Halafu nikaingiza vidole mdomoni, nikapiga ule mluzi, wa kwanza mtoni tangu siku ile. Ulitoka hafifu, maana sasa nina meno yote. Nikapiga tena. Mto haukuja, na wala sikuwa nautazama. Nilikuwa natazama ng'ambo, pale alipokuwa ametua mkebe, nikingoja mtu anitukane.

Sijui nilipiga mara ngapi. Mwishowe nikasikia viatu kwenye saruji, Chebet ametumwa kuja kunichukua. Nikajua sasa atanicheka. Alisimama kando yangu, akashika vile vyuma, akatazama ng'ambo nilikokuwa natazama mimi.

"Piga tena," akasema.

Nikapiga.